Habari za Katapila, na Jinsi Lilivyofika Ugogo

Muhula uliopita, katika siku zile ambazo msingi wa bweni jipya ulikuwa ukichimbwa, niliingia Kidato cha Tatu kufundisha Fizikia nikakuta madawati matupu. Wanafunzi wote walikuwa wamesongamana madirishani wakitazama mtambo ukichota udongo na kuupakia katika lori. Niliwafokea, kama impasavyo mwalimu. Kisha nami nikasogea dirishani, maana kusema kweli mtambo ule wapendeza macho: mkono wake hukunjuka polepole kama mkono wa mtu achotaye uji chunguni, na kila mchoto mmoja ni kazi ambayo watu kumi wangeifanya kwa nusu saa.

Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, ni nani aliyeunda kitu hiki kwanza, na watu wa hapa walichimbaje kabla hakijaja?" Nikajibu maneno mawili matatu, nikaona hayatoshi, nikaahidi kuandika katika gazeti letu. Basi haya ndiyo niliyoahidi.

Tuanze na majina. Huku kwetu Dodoma mtu akiona mtambo wowote wa minyororo ufanyao kazi ya udongo husema, "Katapila limekuja." Lakini makatapila si ya namna moja. Liko buldoza, lenye bamba la chuma mbele, nalo husukuma. Na liko lile ambalo wengi huliita kijiko, na wengine eskaveta, lenye mkono mrefu na ndoo ya meno. Hilo halisukumi bali huchota, na kichwa chake chaweza kuzunguka duara nzima huku miguu imetulia pale pale. Neno katapila lenyewe ni la Kiingereza na maana yake ni kiwavi. Nitaeleza mbele jinsi mdudu huyo alivyoingia katika habari za chuma.

Kabla ya hayo yote palikuwa na jembe, sururu, mtaimbo na karai. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Ukisafiri katika reli hiyo ya zamani kutoka Gulwe kupitia Msagali na Igandu, tazama nje mahali ambapo kilima kimekatwa ili njia ipite. Sehemu kubwa ya kazi ile ilifanywa kwa mikono ya watu. Mwamba ulipasuliwa kwa baruti, na udongo ukabebwa kwa makarai na vikapu, mzigo baada ya mzigo, maili baada ya maili. Mji wetu wa Dodoma ulikua juu ya kazi hiyo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi mwenyewe hulifikiri mara nyingi. Katika miaka ile ile, tangu 1904 hata 1914, Wamarekani walikuwa wakichimba Mfereji wa Panama, na huko walikuwa na makoleo ya mvuke zaidi ya mia moja. Rais wao, Theodore Roosevelt, alipokwenda kuitazama kazi hiyo mwezi wa Novemba 1906, alipanda akaketi katika koleo moja lenye uzito wa tani 95, akapigwa picha. Kwa hiyo mashine ilikuwako duniani. Huku kwetu haikuletwa, kwa kuwa mikono ilikuwa rahisi kuliko chuma, na wenye mikono hawakuulizwa.

Wala mashine hiyo haikuwa mpya hata wakati huo. Karibu mwaka 1835 kijana mmoja wa Kimarekani aitwaye William Otis, aliyekuwa katika kazi ya kujenga reli, alibuni koleo liendeshwalo kwa mvuke. Mwezi wa Februari 1839 alipewa hati ya serikali ya kulinda ugunduzi wake. Mwaka huo huo akafa, naye alikuwa na umri wa miaka 26 tu. Haki ya ugunduzi ikabaki kwa jamaa zake kwa miaka mingi, na mashine zilizotengenezwa zilikuwa chache. Sababu moja ni ile ile niliyoitaja: vibarua waliotoka Ireland walikuwa wengi na ujira wao ulikuwa mdogo, basi matajiri hawakuona haraka ya kununua chuma.

Koleo la mvuke lilikuwa mfano wa winchi ya bandarini iliyowekwa juu ya behewa. Katikati palikuwa na pipa kubwa la kuchemshia maji. Mvuke ulizungusha magurudumu, magurudumu yakavuta mnyororo, na mnyororo ukaivuta ndoo kuipandisha ukutani mwa shimo. Lilitembea juu ya reli iliyotandikwa mbele yake, kwa hiyo kila lilipotaka kusogea watu walipaswa kung'oa vipande vya reli nyuma na kuvitandika mbele. Lilikula makaa au kuni na kunywa maji mengi sana. Fikirini mashine ya namna hiyo katika Ugogo mwezi wa Oktoba, wakati ambapo hata ng'ombe hutembea nusu siku kutafuta maji.

Jambo lililoikomboa mashine kutoka katika reli ni kile kiwavi nilichokitaja. Huko California, karibu na mji wa Stockton, udongo wa mashamba mengine ni laini kama tope, na matrekta ya mvuke yalizama. Benjamin Holt alijaribu kuongeza upana wa magurudumu hata yakawa makubwa kupita kiasi, na bado yakazama. Ndipo akayaondoa magurudumu ya nyuma akaweka mikanda ya mbao na minyororo izungukayo, hata mashine ikawa yaitandikia njia yake mbele na kuiokota nyuma. Aliijaribu tarehe 24 Novemba 1904, ikapita juu ya tope. Yasemekana kwamba mpiga picha mmoja alipoiona alisema yatambaa kama kiwavi, na jina likashika. Mwaka 1925 kampuni ya Holt iliungana na ya mshindani wake Best, ikazaliwa kampuni iitwayo Caterpillar. Kwa hiyo sisi tunapoliita kila dude la minyororo katapila, twafanya kama yule aitaye kila dawa ya meno kwa jina la kampuni moja. Si kosa kubwa.

Bamba la kusukumia lilikuja baadaye kidogo. Mwaka 1923, katika jimbo la Kansas, mkulima James Cummings na mwenziwe J. Earl McLeod walifunga bamba mbele ya trekta ili kufukia mitaro ya mabomba ya mafuta. Hilo ndilo buldoza.

Vita navyo viliingilia kati. Katika Vita ya Kwanza matrekta ya Holt yalivuta mizinga, na waliounda vifaru vya kwanza walijifunza kutokana na minyororo ile. Lishikeni hilo, kwa maana baada ya Vita ya Pili mambo yaligeuka: kifaru kilifanywa tena kuwa trekta, na mahali kilipoletwa kulima ni hapa kwetu, Kongwa.

Habari za Kongwa zimeandikwa katika vitabu vingi vya Kiingereza, na aghalabu huandikwa kama kichekesho. Marehemu baba yangu hakuziona za kuchekesha. Alikwenda huko mwaka 1948 akiwa kijana asiye na kazi, akaandikwa spanaboi, kazi yake kupaka grisi na kusafisha vichungio vya hewa vya makatapila. Mengi nitakayosema kuhusu udongo niliyasikia kwake, na mengine nimeyasoma.

Baada ya vita Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, alishauri kwamba karanga zilimwe Afrika ya Mashariki kwa mashine. Serikali ikatuma ujumbe chini ya John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, nao wakazunguka kwa muda wa wiki tisa. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaukubali mpango. Zilikusudiwa eka 3,210,000 kwa miaka sita, hasa katika Kongwa, Urambo na upande wa kusini kuzunguka Nachingwea. Watu wa kwanza walifika Kongwa mwanzoni mwa mwaka 1947, nao walitakiwa kufyeka eka 150,000 katika mwaka huo mmoja.

Mitambo ilitoka wapi? Dunia nzima ilikuwa ikijenga upya na viwanda havikutosheleza. Wakanunua makatapila yaliyoachwa na majeshi ya Marekani huko Ufilipino, ambayo mengi yalikuwa yamekaa mvuani na kushika kutu. Tena kampuni ya Vickers ilichukua vifaru aina ya Sherman, ikaviondolea mizinga na maganda ya juu, ikavifanya matrekta, yakaitwa Shervick. Yote yalipita bandari moja ya Dar es Salaam na reli moja nyembamba. Yalipofika hapakuwa na karakana ya kutosha wala vipuri, na madereva wengine walikuwa wamejifunza siku chache tu. Kufikia mwisho wa Septemba 1947 theluthi mbili za mitambo zilikuwa zimeharibika. Mwaka ule hazikupatikana hata eka 10,000 za kupanda.

Baba alisimulia hasa habari za mibuyu na vichaka. Kichaka cha Kongwa, ukikitazama juu, ni miti myembamba ambayo buldoza hulalia na kupita. Lakini mizizi hubaki chini imefumana kama mkeka, na jembe la trekta likiingia hukwama au kupinda. Na mbuyu hauangushwi kwa kusukumwa mara moja. Mingine ina uwazi ndani, na katika uwazi wamo nyuki. Dereva akigonga mbuyu wa namna hiyo huacha mtambo unanguruma peke yake, yeye akakimbia. Baadaye iligunduliwa njia ya kufunga mnyororo mnene wa nanga ya meli kati ya makatapila mawili, yakaenda sambamba na mnyororo ukilaza vichaka katikati. Yasimuliwa kwamba maombi ya kununua minyororo hiyo yalipofika London, wakubwa walidhani ni mzaha, kwa kuwa Kongwa iko maili nyingi kutoka baharini.

Lakini adui mkubwa hakuwa mbuyu. Udongo mwekundu wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, na ndani ya mfinyanzi mna chembe za mawe makali mfano wa vipande vya chupa. Mvua ikinyesha hulainika. Mvua ikikatika na jua likawaka, mfinyanzi hushikana ukawa kama saruji, na zile chembe hula chuma. Baba alisema bamba la jembe lililofungwa jipya liliisha mbele ya macho yao kama kipande cha sabuni. Vumbi lilipita katika vichungio na kula injini kwa ndani, hata grisi aliyopaka asubuhi jioni ilikuwa msasa. Karanga zenyewe zilipokomaa zilishikwa na ardhi ngumu zisiweze kung'olewa. Na mvua ya mwaka 1948 na 1949 haikutosha. Hilo la mvua lingeweza kuulizwa kwa mzee yeyote wa Ugogo, kwani watu waliokumbuka njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920 walikuwa hai bado, tena wengi.

Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuvunja mpango, na paundi milioni 36 zikahesabiwa kuwa zimepotea. Sehemu ya ardhi ya Kongwa ikawa ranchi ya ng'ombe, jambo ambalo wenyeji wangependekeza tangu mwanzo. Majengo nayo yalipata kazi nyingine, na tangu mwaka 1964 wapigania uhuru wa Msumbiji na nchi nyingine za kusini walikuwa na kambi yao Kongwa. Hayo ni makala nyingine.

Nataka kubaki na udongo. Sifa ile ile iliyoziua karanga, yaani mfinyanzi kushikana hata maji yasipite, ndiyo inayofaa kwa lambo. Ugogo hupata mvua kiasi cha milimita 550 au 600 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi saba mingine ni mikavu. Mwenye kuweza kuyazuia maji ya Januari hata yafike Agosti amepata mali kuliko karanga. Buldoza ndilo chombo cha kazi hiyo: husukuma udongo kutoka katikati ya bonde, huulundika ukawa tuta, kisha hupita juu yake mara nyingi kuushindilia kwa uzito wake. Katika miaka ya 1950 malambo mengi yalijengwa katika Ugogo kwa njia hiyo. Kubwa lijulikanalo na wote ni Hombolo, la mwaka 1957. Na katika vijiji yakachimbwa madogo madogo yasiyo na jina katika ramani yoyote, mojawapo likiwa la kijijini kwetu upande wa Mpwapwa, ambalo mimi nilichungia mbuzi kando yake.

Kijiko cha kisasa kilikuwa hakijafika bado. Hata hapo vijiko karibu vyote vilivutwa kwa kamba za chuma na magurudumu, kama lile koleo la Otis, ila mvuke ulikuwa umepokewa na dizeli. Mageuzi yalitokea Ulaya katika miaka michache tu. Mwaka 1948 ndugu wawili Waitaliano, Carlo na Mario Bruneri, waliunda kijiko kiendeshwacho kwa nguvu ya mafuta yaliyoshinikizwa, yaani haidroliki. Mwaka 1951 kampuni ya Poclain ya Ufaransa ikatoa chake, na mwaka 1954 kampuni ya Demag ya Ujerumani ikatoa kijiko kinachozunguka duara nzima, ambacho kila kiungo chake huendeshwa kwa mafuta. Kile mlichokiona dirishani ni mjukuu wa hicho.

Hapa ndipo Fizikia inapoingia, nanyi msiruke aya hii. Chukueni mabomba mawili ya sindano bila sindano zenyewe, moja jembamba na moja nene, myaunganishe kwa mpira mwembamba uliojaa maji. Ukisukuma lile jembamba, nene hutoka nje. Tuseme uso wa pistoni ya jembamba ni sentimeta mraba 1 na wa nene ni 10. Ukisukuma kwa uzito wa kilo 5 upande huu, upande wa pili utainua kilo 50. Ila hupati bure: ukisukuma sentimeta 10, ule wa pili utasogea sentimeta 1 tu. Kanuni hii aliieleza Mfaransa Pascal katika karne ya 17, na Mwingereza Bramah akaitumia kutengeneza shinikizo la kiwandani mwaka 1795. Katika kijiko, injini ya dizeli huzungusha pampu, na pampu huyashinikiza mafuta hata kilo 350 hivi kwa kila sentimeta mraba. Tairi la gari dogo lina kilo 2 tu na kidogo. Silinda yenye upana wa sentimeta 12 ina uso wa sentimeta mraba 113. Zidisheni wenyewe mtaona kwamba husukuma kwa nguvu ya tani 39 na zaidi. Na dereva kazi yake ni kusogeza vijiti viwili kwa vidole, vyepesi kama vijiti vya kuchezea bao.

Wepesi huo una hasara yake. Mtu achimbaye kwa sururu hujua kwa mikono yake kwamba ametoka katika mfinyanzi ameingia katika mchanga, maana sauti hubadilika na sururu hurudi kwa namna nyingine. Katika kijiko mfinyanzi na mchanga ni sawa sawa, vyote hukatika kama siagi. Hilo nililijua kwa gharama.

Mwaka 2016 lambo la kwetu lilikuwa limejaa tope. Malambo ya Ugogo hujaa upesi: tangu mwisho wa miaka ya 1960 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walipima malambo ya Ikowa, Matumbulu na Msalatu, wakaona jinsi udongo wa mashamba na malisho yaliyochakaa unavyoshuka kila mvua na kula nafasi ya maji. La kwetu lilikuwa halina mpimaji, lakini kila mtu aliona. Zamani lilipitisha mwaka, na sasa lilikauka Julai. Watu wakachanga, wengine wakauza mbuzi, wakakodi kijiko kwa mkandarasi mmoja, wakilipa kwa saa. Mimi nilikuwa likizoni, nami kwa kuwa ni mwalimu nikapewa kazi ya kusimamia.

Siku ya kwanza ndoo ilitoa tope la kijivu, kazi nzuri. Siku ya pili asubuhi tope likaisha, ukatoka mfinyanzi mweusi mgumu, nayo bado tulikuwa tumelipia saa nne. Dereva akauliza kama aendelee. Nikachukua kijiti nikapiga hesabu mchangani mbele ya wazee: lambo lina urefu wa meta 40 na upana wa meta 30, basi tukiongeza kina cha meta 1 tutapata meta za ujazo 1,200, yaani lita 1,200,000. Wote wakastaajabu. Akachimba. Karibu na adhuhuri ndoo ikaja na kitu cheupe cheupe kinachomwagika katikati ya meno. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya tuta akainuka akasema, "Kijana, simamisha, hiyo ni changa, umetoboa." Dereva akanitazama mimi. Mimi nikasema, "Mzee wangu, bado saa moja na nusu, kadiri tunavyoshuka ndivyo maji yanavyozidi." Akaketi tena, hakusema neno.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Kosa ni kwamba niliihesabu ardhi kama karai la bati, na haikuwa karai. Waliochimba lambo lile katika miaka ya 1950 walisimama juu ya ule mfinyanzi mweusi kwa kusudi, maana ndio uliokuwa sakafu. Sisi tuliitoboa katikati, mahali penye upana wa chumba kimoja hivi, na chini yake palikuwa na mchanga wa kijito cha kale.

Mvua zikanyesha vizuri. Mwezi wa Januari lambo lilijaa hata likafurika, nikapelekewa picha kwa simu, nikafurahi na kuwaonyesha walimu wenzangu. Mwishoni mwa Machi lilikuwa kavu. Wanawake walirudi kuchimba visima vya mchangani mtoni, mwendo wa saa mbili kwenda, miezi mitatu kabla ya desturi. Nilipokwenda mwezi wa Juni hakuna aliyenilaumu waziwazi, maana watu wa kwetu wana adabu. Ila bibi mmoja tuliyekutana naye njiani na ndoo kichwani aliitikia salamu yangu, akanitazama kidogo, akauliza, "Mwalimu, zile lita zako ziko wapi?"

Waliotengeneza ni wazee, nami nilibeba karai kama wengine. Kuanzia Oktoba udongo wa vichuguu ulibebwa kwa mikokoteni ya punda ukatupwa katika tundu, kwa kuwa udongo wa mchwa ni mfinyanzi safi uliokwisha kuchekechwa. Haukumwagwa wote kwa pamoja, ila tabaka tabaka, kila moja unene wa shubiri. Mvua za kwanza za Desemba zilipoulowesha, wakaingizwa ng'ombe. Vijana waliwazungusha katika tundu lile tangu asubuhi mpaka jua likawa kali, siku sita mfululizo, kundi likichoka laja jingine. Mnaweza kukokotoa wenyewe shinikizo la kwato: ng'ombe wa kilo 300 akisimama juu ya kwato nne zisizofika sentimeta mraba 60 kila moja hukandamiza kupita kilo 1 kwa sentimeta mraba, na akitembea, uzito ukiwa juu ya miguu miwili, huzidi. Minyororo ya katapila, pamoja na ukubwa wake wote, hukandamiza pungufu ya hapo, kwa sababu Holt aliitengeneza makusudi isizame.

Upande wa juu wa lambo, kule maji yanakoingilia, tulipanda mistari ya mkonge kukingama mteremko, kama tulivyoona ikifanywa zamani na mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanzishwa mwaka 1973. Mkonge mwingine uliliwa na mbuzi ukiwa mchanga, ikabidi kupanda tena.

Mwaka uliofuata maji yalikaa mpaka wiki ya kwanza ya Septemba.

Leo vijiko viko kila mahali katika Dodoma, katika viwanja vya nyumba, katika Mji wa Serikali wa Mtumba, na vilifanya kazi kubwa katika reli mpya ambayo mwaka 2024 ilianza kuleta abiria mjini kwetu kutoka Dar es Salaam, sambamba na ile iliyochimbwa kwa sururu. Yule dereva wa bweni letu nilizungumza naye siku ya mwisho. Nilimwuliza ajuaje kwamba amefika katika udongo mwingine. Akasema huzima injini, hushuka shimoni, akaushika kwa mkono.